Getruda, Aliyeweza Kulima Asiweze Kujitwika Debe

Historia hii ya marehemu Getruda, mke wa Masalu, imeandikwa kwa penseli na bibi yake mzaa mama, Paskazia wa Nansio, na inasomwa na shemeji yake, Luhaga, kaka mkubwa wa Masalu, aliyesema jana mbele ya wazee kwamba kusoma ni haki ya upande wa mume, basi haki amepewa, karatasi amekabidhiwa akiwa ameshasimama, herufi ni kubwa asisingizie macho, na nakala ya pili anayo katekista hapo kushoto kwake, anafuatisha kwa kidole.

Marehemu alizaliwa Nansio tarehe 4 Mei 1934, mama yake akafariki mwaka uliofuata, akalelewa na Paskazia kwa uji wa mtama na fimbo ya kiasi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1946, kisha akafanya kazi ya kuchagua pamba hadi tarehe 17 Januari 1953, alipofunga ndoa na Masalu na kuhamia hapa Pasiansi, wakajaliwa Chenge mwaka 1954 na Veridiana mwaka 1955.

Tarehe 3 Agosti 1956, akitoka ziwani na debe la maji kichwani, aliteleza kwenye mawe, kiuno kikajipinda, na tangu siku hiyo maumivu yalimkaa pembeni ya uti wa mgongo, yakishuka takoni na pajani bila kuvuka goti, akiinama na jembe yanapungua, akijinyoosha kujitwika debe anapiga kelele.

Luhaga, huyu mnayemsikia, aliita kikao tarehe 12 Juni 1958, akasema, "Shemeji analima kutwa nzima, debe akilitazama tu anaumwa, huo ni ugonjwa wa mgongo au ugonjwa wa kazi?", watu wakacheka, wengine mmekaa hapa na mnakumbuka mlivyocheka, na kesho yake Getruda akapandishwa meli kurudishwa Nansio, Veridiana wa miaka mitatu akabaki gatini analia.

Paskazia hakuvuka darasa la pili, ila mwongo anamjua, na mwongo haendelei na uongo wake akiwa usingizini, naye alimwona mjukuu wake akilala ubavu amejikunja, akigeuka chali anagutuka, kwa hiyo Septemba 1961 alimpeleka mjini kwa daktari Liaqat, ambaye alimwambia ainame, akainama vizuri, akamwambia ajipinde nyuma na kugeukia kulia, akalia, daktari akabonyeza kwa kidole gumba pembeni ya mfupa, akapapata penyewe, akasema eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika, lakini eksirei haipigi picha ya maumivu, akamchoma sindano ya ganzi papo hapo, na kwa saa tatu Getruda alisimama wima, mikono juu, kama mtu anayeanika nguo.

Daktari alimweleza bibi kwamba kila pingili ya mgongo imeshikana na mwenzake kwa nyuma kwa viungo vidogo viwili, kushoto na kulia, mfano wa bawaba za mlango, vyenye utelezi na mishipa yake ya fahamu, mtu akiinama vinaachana, akijipinda nyuma vinabanana, kumbe lile jembe ambalo Luhaga alilifanya ushahidi wa uongo ndilo lililokuwa ushahidi wa ugonjwa.

Masalu aliposoma barua ya daktari alimfuata mkewe, wakarejea hapa tarehe 9 Desemba 1961, watu wakishangilia bendera mpya na Getruda akiwa ameng'ang'aniwa khanga na wanawe, lakini Luhaga alipoonyeshwa barua alisema, "Karatasi haichoti maji," na hakumwomba radhi hadi homa ya mapafu ilipomchukua marehemu juzi, tarehe 14 Machi 1963.

Familia inamshukuru daktari Liaqat, wauguzi, wanawake aliochagua nao pamba, na majirani waliomchotea maji bila kumhoji.

Kabla ya kumuaga umebaki mstari mmoja, ambao Paskazia amemwandikia msomaji, na katekista ameshauwekea kidole: Mimi Luhaga nilimsingizia shemeji yangu, hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa.

Leo Getruda amelazwa chali, mara ya kwanza tangu 1956, wala hagutuki. Pumzika hivyo hivyo, mjukuu wangu, umenyooka, kwa amani.