Nduma ya Kupeleka Mkutanoni

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Mzee Faraj, pale Kambi Muru njia inapokata kuelekea Makina, basi bado hujajua nchi hii inavyoendeshwa. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe, na mbele yake jiko la makaa lenye birika la kahawa ya tangawizi. Wanaokaa hapo asubuhi ni wale wale. Yuko Oketch, aliyegombea udiwani akashindwa vibaya, lakini jina la Mheshimiwa likamganda mpaka leo. Yuko Wakoli, fundi wa mabomba, ambaye watu humwita Injinia na yeye hajawahi kuwarekebisha. Yuko Billy wa bodaboda, anayeitwa Data, kwa sababu kila habari ameshaiona kwenye simu hata kabla haijatokea. Na kando ya jiko, kwenye kigoda, hukaa Nasike na sufuria lake la nduma zilizochemshwa, wengine huziita magimbi, amelifunika kwa kitambaa ili zisipoe. Kahawa ni ya Faraj, nduma ni za Nasike, na maneno ni ya kila mtu.

Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja tu. Jiji la Nairobi lilikuwa linataka kupewa kituo kikubwa cha utafiti wa ubora wa maji, kituo cha dunia nzima, na lilikuwa linashindana na majiji mengine yenye mito. Ndani ya jiji lenyewe, mahali pa kukijenga palikuwa pamebaki pawili: Kibera au Kawangware. Alhamisi wataalamu wangekuja kwa chifu kusikiliza maoni ya wananchi. Benchi lilikuwa limejipa kazi ya kuamua Kibera itasema nini, na hakuna aliyeliomba.

 Nasike alimenya nduma, akaikata vipande viwili, akampa Oketch. Moyoni alikuwa anaomba kituo kiende Kawangware, tena kiende mbali kabisa ndani ya Kawangware. Shamba lake lilikuwa ni kipande chembamba kando ya mto, hapo chini nyuma ya nyumba za mabati. Alianza kupanda nduma pale baada ya kazi ya kufulia watu nguo kukatika, na nduma hizo ndizo zilizolipa nyumba na kuwaweka Whitney na Kevin shuleni. Watu wa maji wakija na chupa zao watapima mto. Na wakishaupima mto, nani atanunua kilichomea ndani yake? Wazo hilo lilimtesa, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa maana wote ambao wangemsikiliza walikuwa wateja wake.

— Kwanza tuelewane, — Oketch alianza, akijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. — Hii kitu ikikuja hapa, Kambi Muru imeomoka, umaskini kwisha. Wazungu wa kupima maji watataka kuishi karibu na kazi. Mtu hawezi kuwa anatoka Karen kila asubuhi na chupa ya maji machafu kwa gari.

— Atapanga wapi? — Wakoli akamuuliza. — Kwa landlodi wako, choo moja watu arobaini?

— Choo itajengwa. Choo ikijengwa, lami inakuja. Lami ikikuja, kila mtu anapewa hati ya shamba.

— Hati ya nini, na wewe ni mpangaji?

— Nitakuwa mpangaji mwenye hati.

Mzee Faraj alicheka kimya kimya, akamjazia kikombe. Yeye kazaliwa Makina, baba yake kazaliwa Makina, na ahadi za hati kazisikia tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

— Shida ni Kawangware, — alisema Data bila kuinua macho kwenye simu. — Wasee wa huko Forty-six wako na mbio sana. Cheki hapa. Wameingia mto na gambuti, wanatoa takataka na reki. Manze, mto yao imeanza kukaa kama mto.

Wakoli aliangua kicheko mpaka kahawa ikamwagikia gotini.

— Wamejimaliza! Hao wataalamu sasa watapima nini? Wewe ukipeleka pikipiki kwa makanika, unaitengeneza kwanza ndio akupende? Mimi nasema hivi: kuanzia leo mtu asiokote hata karatasi hapo chini. Hiyo uchafu ni mali.

— Yaani tuiache tu hivyo? — Data akauliza.

— Tuiache? Tuongeze!

— Hapo Injinia ameongea, — Oketch alisema, akasimama, maana kuna maneno ambayo hawezi kuyasema akiwa amekaa. — Alhamisi mimi ndio nitawakilisha. Nitaanza hivi: wageni wetu, tumetembea mito yote ya hii jiji, na tunasema bila aibu, hakuna mto chafu kama yetu.

Mkono wa Nasike ulisimama juu ya sufuria.

— Si lazima useme hivyo, Mheshimiwa, — alisema. — Sema tu mto iko, watu wako, na mahali pa kujenga iko. Hiyo inatosha.

— Mama Whitney, ukienda kwa daktari unamwambia uko fiti?

— Mimi nasema tu.

— Wewe tuachie hii. Hii ni siasa.

Nasike akarudisha kitambaa juu ya sufuria. Kwenye benchi hilo neno siasa hufunga mjadala, hata kama mjadala wenyewe ni wa mvua.

Lakini Data alikuwa ameweka simu mfukoni, na Data akiweka simu mfukoni watu husogea karibu.

— Nyinyi mnaangalia juu juu, — alisema. — Hao wasee hawataki mto. Wanataka tumbo.

— Tumbo gani?

— Yetu. Fikiria, buda. Mtalii akikunywa maji ya hapa kikombe moja, analazwa wiki. Sisi tumekunywa tangu tuzaliwe, na tuko hapa tunabishana. Inamaanisha kuna kitu iko ndani ya tumbo ya mtu wa Kibera, haiko mahali ingine dunia hii. Hiyo ndio wanatafuta. Waitoe, waiweke kwa chupa, wauze huko nje.

— Kama chanjo, — Wakoli akasema polepole, na uso wake ukaanza kuamini.

— Kama chanjo. Ndio maana ukienda hospitali, kitu ya kwanza wanauliza unaishi wapi.

— Wanauliza ili wafungue faili, — Mzee Faraj alisema.

— Mzee wangu, usiharibu.

— Basi hatuuzi, — Oketch aliamua, bado amesimama. — Tumbo haiuzwi. Tunakodisha. Kila mwezi mtu anaenda kwa kituo, anapimwa, analipwa, anarudi nyumbani na tumbo yake.

— Na mtu wa Kawangware akisema pia yeye ako na tumbo? — Data akauliza.

— Ya Kawangware ni ya juzi, — Wakoli akajibu. — Hao wamezoea maji ya bomba. Mimi mwenyewe niliwawekea bomba, sasa najilaumu.

Walicheka wote, na Nasike akacheka nao, kwa sababu mwenye kuuza hawezi kununa. Wakati kicheko kinaisha, Oketch aliangalia mkono wake. Bado alikuwa ameshika kipande cha pili cha nduma, amekiuma upande mmoja. Akakitazama kama mtu aliyeokota simu barabarani.

— Wasee, — alisema kwa sauti ya chini. — Tunatafuta ushahidi na tumeushika.

— Nini?

— Hii. Hii nduma imemea wapi? Si hapo chini, miguu ndani ya maji? Na nani amekuwa akiikula kila asubuhi? Si mimi? Si wewe? Alhamisi nitasimama, nitoe nduma ya Mama Whitney mfukoni, niwaambie: hii imenyonya ile mto mnaogopa hata kushika. Halafu naimega mbele yao, nakula. Nikimaliza nawaambia, haya, nipimeni!

Benchi lilipiga makofi. Hata mama aliyekuwa anapita na mtungi alisimama kuona kuna nini.

— Na uwabakishie kipande, — Data akaongeza. — Siku hizi wako na mashine. Unaweka kitu hapo, inakusomea yote iko ndani, saa hiyo hiyo.

Nasike aliifikiria hiyo mashine. Yeye ndiye anayeshuka mtoni kila siku, na anajua kinachopita. Mvua ikinyesha, wenye nyumba za juu hufungulia vyoo ili maji yabebe. Siku nyingine mto huja na povu la rangi asiyoijua, kutoka asikokujua, na nduma husimama humo humo zikinenepa, majani mapana, kijani kizuri ajabu. Akizing'oa huziosha kwa maji ya kununua, huzisugua, na huzichemsha mpaka makaa yaishe. Aliuamini moto. Ilibidi auamini, kwa sababu hakuwa na kingine.

— Usibebe nduma yangu, — alisema.

— Mama Whitney, hii ni matangazo ya bure!

— Beba ya mtu mwingine.

— Nani mwingine hapa ako na nduma ya mto?

— Nimesema hapana, Mheshimiwa. Ukiibeba huko, usirudi kununua kwangu.

Nasike hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na benchi zima likamgeukia. Oketch alikaa chini polepole. Wakoli, aliyetoka upande mmoja na Nasike kule Bungoma na hivyo kujiona ana haki ya kumtafsiri, aliinua kidole.

— Mimi namwelewa huyu dada yangu. Anataka komisheni. Na ni haki yake.

— Kumbe ni hiyo tu! — Oketch akafurahi. — Si ungesema? Kituo ikifunguliwa, wewe ndio utapikia wazungu. Nduma asubuhi, nduma saa kumi. Nitaiweka kwa hotuba.

Nasike aliinamisha kichwa, akapanga upya nduma ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri. Alitamani sana mtu mmoja tu amuulize kwa nini, na aliogopa sana kwamba mtu angemuuliza.

Hapo ndipo alipofika mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, kijana bado, leso mabegani na mtoto wa kama miaka miwili mgongoni.

— Niaje, wasee. Sasa, mama, — alisalimia. — Mimi ni Marion. Nimehamia jana, hiyo ploti ya geti ya kijani.

— Karibu, — Mzee Faraj akamwambia. — Umetoka wapi?

— Kawangware.

— Jasusi! — Data akaruka. — Nyinyi ndio mnaosha mto?

— Mto gani? — Marion aliwaangalia mmoja mmoja, akaona ni watu wa kawaida tu, akaachana nao. Alikuwa ameona sufuria. — Kumbe hapa kuna nduma! Nipe moja ya huyu, mama. Ameamka akilia njaa. Ile laini.

Mkono wa Nasike ulifanya kazi uliyoizoea. Ulibonyeza tatu, ukachagua iliyo laini, ukaimenya, ukaikata kidogo kidogo. Akaipuliza ipoe. Mtoto alikuwa ameshatoa mkono nje ya leso, vidole vimefunguka.

— Watoto wako wanazipenda? — Marion aliuliza, akitafuta sarafu kwenye mfuko. Aliuliza tu, kama mama anavyomuuliza mama mwenzake.

Nasike aliendelea kuvipuliza vipande, ingawa vilikuwa vimeshapoa. 

— Watoto wa Mama Whitney? — Oketch alimjibia, kwa sababu yeye humjibia kila mtu. — Hao wanazipe... hao ni watu wa...

Akakwama. Akamwangalia Wakoli. Wakoli akamwangalia Data. Whitney na Kevin hupita mbele ya benchi hilo kila asubuhi wakienda shule, wakasimama kumuaga mama yao, na kila mmoja pale alikuwa akiwatania tangu wakiwa wadogo. Kila mmoja sasa alikuwa anatafuta kichwani asubuhi moja, hata moja, waliyoondoka hapo na nduma mkononi.

— Kevin hupenda mandazi, — Data alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. — Na Whitney mayai boilo.

Kule nyumbani sufuria lile lina mahali pake, juu, na watoto wanajua haliguswi. "Hizo ni za biashara," Nasike huwaambia, nao hawajawahi kuuliza zaidi. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza zaidi. Mkono wa mtoto wa Marion ulikuwa bado uko hewani, ukimngoja.

Nasike alirudisha vile vipande kwenye sufuria, akafunika.

— Huyu mpe mandazi, — alisema. — Pale kwa Adhis, kwa hiyo kona. Mwambie ni Mama Whitney amekutuma, atakupa ya moto.

— Kwani hizi si za kuuza?

— Hizi zina wenyewe.

Marion alishukuru, akamtikisa mtoto aliyeanza kulia mgongoni, akaenda zake upande wa Adhis. Hakuna aliyemtania tena habari za Kawangware. Mzee Faraj aliinua birika kumwongezea Wakoli, likatoa matone mawili na mashapo, akalirudisha jikoni bila kusema kwamba kahawa imeisha. Wakoli aliweka kikombe chini na kujishika tumbo, kisha akautoa mkono haraka, akaona aibu.

Oketch bado alikuwa na kile kipande cha ushahidi, alama za meno yake ziko pembeni. Alikigeuza huku, akakigeuza huku.

— Mama Whitney, — alisema, na safari hii hakusimama. — Na sisi?