Tundu Dogo Mgongoni mwa Ogada

Benchi la Kapsoit liko mbele ya kibanda cha chai, mahali trekta za majani mabichi ya chai hupunguza mwendo zikielekea kiwandani. Jumanne hiyo mvua ilikatika saa kumi jioni, na wenyewe watatu wakakaa kila mtu mahali pake. Mwisho kabisa alikaa Ogada, aitwaye Boila kwa kuwa ana miaka kumi na tisa akilisha kuni boila ya kiwanda. Katikati alikuwa Kipruto, muuza dawa za mifugo, ambaye watu humwita Profesa na yeye hakatai. Wa tatu alikuwa Nyamwange, fundi viatu, kiatu cha mtu kikiwa mapajani.

Ogada aliwaeleza habari yake bila papara. Figo yake ya kushoto ilikuwa na jiwe la sentimita tatu, na kesho asubuhi angefanyiwa upasuaji mjini Kericho. Hawangempasua ubavu mzima kama zamani. Daktari alimchorea kwenye karatasi: wanatoboa tundu dogo mgongoni, wanapitisha mrija mwembamba wenye kamera mpaka ndani ya figo, wanalivunja jiwe hukohuko, kisha wanatoa vipande. Ogada alielewa, na hakuwa na wasiwasi na daktari.

Kilichomsumbua ni kingine. Hospitali ilimwambia aje na mtu. Mkewe Amondi alikuwa Ugenya akimuuguza mama mkwe wake, na Ogada hakutaka kumtoa huko. Alikuja kijiweni na ombi moja mdomoni, lakini tangu aketi hakupata upenyo wa kulitoa.

Nyamwange alishaamua kwamba jiwe hilo ni vumbi la chai lililoganda. Kipruto alimpinga, akasema ni chumvi ya maji ya kisima.

— Lakini Boila, hebu fikiria, Kipruto alisema. Jiwe ni kama yai ya kware. Tundu ni kama kalamu. Litapita wapi?

— Nimekuambia wanalivunja kwanza.

— Na nini? Nyundo itaingia kwa tundu ya kalamu?

— Ni mashine. Inatetemesha jiwe mpaka linakuwa changarawe.

— Basi na figo itakuwa changarawe, Nyamwange alisema bila kuinua macho.

Kipruto akakumbuka fahali mmoja wa Sosiot aliyezibwa mkojo, akampa dawa, akapona. Dozi ya fahali, alisema, ukiigawa kwa sita inamtosha mtu wa kilo za Boila. Alipoona hakuna anayepinga, akasonga mbele: madaktari hawatoi jiwe lolote, wanakuonyesha la mtu mwingine kwenye chupa. Na kamera wanaiacha ndani, ili wakuchunguze kama unakunywa maji walivyokuagiza. Ogada alicheka mpaka ubavu ukamchoma, akaushika kwa mkono. Ombi lake likarudi chini tena.

Pembeni, kikombe mkononi, alisimama Janeffer, karani mpya wa kituo cha kununulia majani. Alikuwa na siku tatu tu Kapsoit, na muda wote huo alikuwa akisikiliza.

— Na kesho mzee anaenda na nani? aliuliza.

Nyamwange akaanza kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake. Kipruto aliagiza chai nyingine. Ogada alitazama ndani ya kikombe chake akiona haya, kana kwamba swali limetoka kwake. Chai ilipokwisha, kila mtu alishika njia yake.

Asubuhi Ogada alifunga mlango, akachukua mfuko wake, akamkuta Kipruto amesimama kwenye lango la nyumba za wafanyakazi, amevaa koti la kanisani.

— Duka nimefunga, Kipruto alisema, wakaondoka.

Hospitalini muuguzi alikuwa akijaza fomu. Aliandika jina la Kipruto, kisha akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Profesa aliitazama fomu. Si jirani, si mkwe, hata nyumbani kwa Ogada hajawahi kuingia. Miaka kumi na mmoja ya benchi moja haikuwa na nafasi kwenye ile fomu.

— Andika ni mtu wangu, Ogada alisema.

Alipozinduka baada ya upasuaji, koo lilikuwa kavu, mrija ukitoka mgongoni ukidondosha mkojo mwekundu kwenye mfuko, na Kipruto alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Daktari alikuja akasema jiwe lote limetoka. Siku mbili Kipruto alilala kwenye kiti, akimwaga ule mfuko kwa mikono iliyozoea ng'ombe, bila kutoa maelezo yoyote. Siku ya tatu mrija uliondolewa, na kidonda kikafunikwa kwa plasta isiyofikia ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Ogada alirudi nyumbani na amri ya kunywa maji mengi, hasa akiwa mbele ya ule moto wa boila.

Baada ya wiki mbili walikuwa wamekaa tena, na benchi lilijaa. Nyamwange hakuwa na subira.

— Profesa, wewe ulikuwa huko. Hebu tueleze vile walifanya.

Watu wote wakamgeukia. Kipruto alipuliza chai yake, akanywa kidogo.

— Muulizeni Boila, alisema. Mimi nilikuwa nimekaa nje.