Kitunguu Kilichokataa Kuamka

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja, na liko chini ya dirisha la kibanda cha fundi saa, ambaye mtaa mzima humwita Majira. Wakaaji wake wa kila asubuhi ni wanne, yeye akiwemo. Yupo Koplo, aliyelinda ghala la saruji miaka kumi na mmoja na hajawahi kuwa jeshini hata siku moja. Yupo Dokta, ambaye wagonjwa wake wote ni mafriji. Na yupo kinyozi, Upara, jina lenyewe linajieleza. Juu ya vichwa vyao, dirishani, yamepangwa makopo arobaini ya mimea ya ajabu ajabu: dungusi za duara zenye miiba kama ndevu, vimea vya majani manene, vingine utaapa ni kokoto mpaka uviguse. Vyote aliviacha marehemu mke wa Majira. Asubuhi hiyo, katikati ya benchi, mahali pa kukaa mtu mzima, palikaa chungu kimoja chenye udongo mtupu.

Ndani ya udongo huo, au tuseme ilivyotarajiwa, mlikuwa na kitunguu cha maua. Aina ya kibete, ua lake halizidi kidole cha shahada, na lilikuwa jekundu kuliko kitu chochote pale mtaani. Kila mwaka kilichanua mwezi huo huo. Mwaka huu kimya.

Na mdogo wake marehemu alikuwa njiani. Alikwisha sema kwenye simu, bila kuzunguka: "Shemeji, nakuja kuona ua la dada. Nikilikuta, vyote vibaki kwako. Nisipolikuta, nitajua vimekushinda, nabeba vyote." Majira alivisalimia vile vimea kila asubuhi kabla hajamsalimia binadamu. Vikiondoka, dirishani zingebaki saa tu, na saa zenyewe mbovu. Aliogopa, na wala hakuona haya kuogopa.

— Kimeibiwa, alisema Koplo, huku akijimiminia kahawa.

— Nani aibe kitunguu aache chungu? Upara alimuuliza.

— Ndiyo utaalamu wenyewe! Mwizi mshamba anabeba na chungu. Kule ghalani waliondoka na saruji, mifuko ikabaki imesimama vile vile, imejaa mchanga. Nikailinda miezi miwili.

— Ndiyo maana wakakufukuza.

— Nilistaafu.

Dokta aliinama akatega sikio kwenye chungu, kama anavyotega kwenye mafriji.

— Asili yake wapi, mgonjwa huyu?

— Marehemu alisema mbali, kwenye baridi na mawe, alijibu Majira.

— Basi tumemaliza. Kinafuata majira ya kwao. Huko sasa hivi wamelala.

— Dokta, kiko hapa mwaka wa tisa.

— Na wewe una saa humo ndani imesimama tangu mwaka juzi. Umeitengeneza?

Na ilikuwa kweli.

— Nipe wiki moja tu, Dokta akaendelea. Nina friji ya mama mmoja, haifuati mpaka mwisho wa mwezi. Tunakiweka pale karibu na mayai, kinadhani kiko nyumbani.

— Wiki moja ya wapi? Shemeji anafika saa nne!

— Nyie wote mnapoteza muda, alisema Upara, akijimiminia kikombe cha pili. Kimehama.

— Kimehama kwenda wapi?

— Chini. Kitu kikichoka kwenda juu, kinakwenda chini.

— Chini kuna kitako cha chungu, bwana.

— Kitako kina tundu.

Koplo alikiinua chungu, wote wanne wakainama kulitazama tundu. Lilikuwepo kweli.

— Mtasikia tu, alisema Upara. Siku moja yule wa duka la dawa hapo jirani anafungua mlango asubuhi, ua hilo hapo, katikati ya sakafu.

— Basi tukamwambie asilikanyage, alisema Dokta, na hakuna aliyecheka.

Majira hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa anayakumbuka maneno ya mkewe: majani yakikauka, kimelala, usikipe hata tone la maji mpaka kiamke chenyewe. Naye alitii. Yaani, karibu atii. Kila Ijumaa alikipa nusu kikombe, cha kutia moyo tu, kwa sababu kukiona kimekauka vile roho ilimuuma. Alichoshangaa ni jinsi udongo wa siku hizi unavyotunza maji. Ijumaa ikifika, aliukuta bado mbichi.

Saa nne kasoro shemeji akatokea, kifuani kakumbatia boksi kubwa tupu.

— Hamjambo, kaka zangu. Shemeji, pole na siku.

— Hatujambo, shemeji. Pole na safari. Karibu kiti.

Hapakuwa na pa kukaa, maana palikaliwa na chungu. Aliweka boksi chini, akachomeka kidole kwenye udongo, akakitoa, akakinusa.

— Mbona kinanuka kahawa?

Upara alikohoa.

— Ni mashapo tu, mama. Nilisikia ni mbolea.

— Na huu umajimaji?

— Mimi napita alfajiri, alisema Koplo. Nikaona kinateseka. Kikombe kimoja tu.

— Yangu yalikuwa maji safi, alisema Dokta. Ya barafu ya friji.

Shemeji akamgeukia Majira. Majira akaitazama saa yake, ambayo ilikuwa imesimama.

— Kila Ijumaa, alisema. Kidogo.

— Kuna mtu hapa ambaye hakukimwagilia?



Shemeji alichukua kijiko cha sukari akafukua. Kitunguu kilitoka laini kama ndizi iliyooza, ganda likabaki mkononi. Hapo Majira akalia, mbele ya wenzake, mchana kweupe, kwa sababu aliona amemzika mkewe mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake. Koplo alimshika bega. Shemeji aliendelea kufukua polepole mpaka akatoa kitu cheupe, kigumu, hakizidi punje ya harage.

— Mtoto wake huyu, alisema. Mzima.

Kisha akainuka, akagusa udongo wa makopo ya dirishani, moja baada ya jingine, yote arobaini. Mkavu. Vimea vyenyewe vimenona.

— Na hivi je? Mbona vizima?

— Hivyo hatukuvishughulikia, alisema Dokta. Vilionekana havina shida.

Shemeji alimtazama Dokta kwa muda mrefu. Halafu akalikunja lile boksi tupu, akaliweka kwapani. Akakipanda kile kitoto kwenye udongo mkavu, akakirudisha chungu mikononi mwa Majira.

— Nakuja tena mwakani, mwezi huu huu. Mpaka hapo, kaka zangu, nawaombeni sana. Msikitunze.

Alipokwisha kukata kona, kila mtu alikuwa na mashapo kikombeni. Upara aliinua mkono kuelekea chungu, kwa mazoea, akaushusha. Hakuna aliyejua pa kuyamwaga. Wakayanywa.