Breki ya Kaka Mkubwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kidevu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa mwisho wa fundi saa na muuguzi. Kaka yetu ndiye mkubwa, kisha mimi, kisha yeye. Nimekaa katikati yao tangu mwanzo, na nimechoka.

Alianza shule mwaka 1981. Mwalimu wa darasa la nne alimsimamisha mbele ya wenzake kama adhabu ya kupiga soga. Alidhani anamkomesha, kumbe ndiyo kwanza anampa jukwaa. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1992, akauza viatu, na mwaka 1997 akaanza kuchekesha katika ukumbi wa nyuma wa hoteli moja, kipaza sauti kibovu, mdomo mzima.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili. Kila kichekesho alimsomea kwanza wifi akiwa kazini. Cherehani ikisimama, kinakwenda ukumbini. Ikiendelea kulia, kinatupwa.

Kichekesho kilichompa umaarufu kilimhusu Kaka, mwalimu wa udereva. Kidevu aliigiza jinsi Kaka, hata akiwa mezani anakula, mtu akiongea kwa kasi anakanyaga breki. Cherehani ilisimama, lakini wifi alimwambia akamwombe Kaka ruhusa kwanza. Hakuomba. Mwaka 2009 kikaonyeshwa kwenye televisheni, na wiki iliyofuata wanafunzi wakawa wanakanyaga sakafu kila Kaka akiingia darasani. Kaka aliacha kazi aliyoipenda, akaacha na kumsemesha mdogo wake.

Kidevu alituma watu. Akaenda mwenyewe, mlango haukufunguliwa. Kichekesho kile hakukirudia tena, hata ukumbi ulipokidai kwa makelele. Kwenye shughuli za familia tulipanga viti kwa uangalifu, tukala roho mkononi. Mama alifariki wakiwa bado wamenuniana. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Mei mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya koo. Madaktari walimweleza wazi kwamba upasuaji ungemwondolea sauti. Jioni ya kuamkia upasuaji alinipa simu nimpigie Kaka, amwombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Iliita mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena, ikakatwa. Kidevu akageukia ukutani. Asubuhi wakamchukua, na sauti ikaenda na neno lile.

Tarehe 2 mwezi huu daktari alituambia tuwaite ndugu wote. Nilimfuata Kaka kwake, nikamwambia, "Leo sikubembelezi. Usipokuja, usije ukaniuliza tumemzika wapi."

Alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, na sisi tuliokuwa ndani hatukujua kama anaingia au anaondoka. Kidevu alimwona, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, machozi yakamtoka.

Kaka akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa, akashika usukani usiokuwepo. Akakanyaga breki mpaka sakafu ikalia.

Kidevu alicheka. Hatukusikia kitu, lakini mabega yalimtikisika na mkono ukamtafuta Kaka.

"Kwenye televisheni ulikuwa unakanyagia mguu wa kushoto," Kaka akamwambia. "Breki ni mguu wa kulia, mdogo wangu."

Alifariki tarehe 4, saa nane mchana, Kaka akiwa kwenye kiti kile kile.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, dada mmoja, na kaka mmoja, ambaye leo ndiye aliyeendesha gari lililomleta hapa. Mliokuwa nyuma mkashangaa mwendo ule, alikuwa anafunga breki kwenye kila tuta ili mdogo wake asirushwe.

Mungu ampumzishe pema, amrudishie na sauti yake.