Friji ya Mama Wanjugu na Kompyuta Inayoganda

Risala hii imenakiliwa kama ilivyosomwa na katibu, Lornah Were, Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Jamhuri.

Mgeni rasmi, Mama Wanjugu Kihara; mwenyekiti wetu, Bwana Mungai; wazazi na majirani, hamjambo.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa darasa la watu wazima la Tujaribu Tena tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tulikutarajia saa nne, umefika saa nane, lakini kawia ufike. Utuwie radhi tukisoma mbiombio. Katika chumba cha nyuma mwenzetu, Peres Obuya, anafanya mtihani kwenye kompyuta, na umeanza saa nane kamili. Sisi tuko hapa, roho ziko huko.

TULIKOTOKA

Tulianza tukiwa saba: akina mama wa kufua, wapishi na mabawabu wa nyumba za Muthangari. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kupumzika, na hatupumziki. Mwaka jana ulitupa kompyuta moja, na friji moja ya kuwekea maji na soda za kuuza ili darasa lijikimu. Jina lako liko mlangoni mwa friji, kwa rangi nyekundu.

TULIYOFANIKIWA

Sasa tuko ishirini na sita. Fidel, bawabu, haombi tena mtu amsomee barua pepe. Peres amepiga deki wodi za hospitali miaka kumi na mmoja, na leo anatafuta nafasi ya kusomea kuhudumia wagonjwa. Wagonjwa wenyewe ndio waliomwambia ajaribu.

YANAYOTUSUMBUA

Mama, hapa stima hupotea bila kuaga. Ikirudi, kompyuta huwaka, ikaonyesha picha, kisha ikaganda: kishale hakisogei, kitufe hakisikii. Tulidhani ni virusi. Fundi akasema ni kumbukumbu, kile kibao chembamba cha ndani, basi tukaifungua kompyuta ubavu, tukakichomoa, tukakisugua kwa kifutio cha penseli. Ikakubali siku mbili, ikagoma. Mwenzetu Jacklyne akasema ni mkosi, tukaiombea. Iliganda kabla hatujasema amina.

Ndipo Quincy, ambaye ni mwashi na hapendi mambo ya kukisia, akaanza kuandika daftarini kila kitu kilichokuwa kimechomekwa stima iliporudi. Baada ya wiki tano jibu likawa wazi. Chumba cha nyuma kina soketi moja tu inayofanya kazi, na kompyuta na friji zinakula pamoja kwenye ekstensheni moja. Stima ikirudi, friji huamka kwa pupa, ikavuta yote kwake, na kompyuta inayojaribu kuamka ikabaki hoi. Tukichomoa friji kwanza, tukangoja dakika tatu, kompyuta huwaka vizuri. Tumejaribu mara tisa, na mara zote tisa imekubali.

Mbona basi leo friji imechomekwa? Mama, ni zawadi yako. Kwetu mgeni akija hukuta zawadi yake inafanya kazi, na huionja. Kamati ikaamua isiguswe, soda ziwe baridi. Aya hii yenyewe mwenyekiti alitaka tuiruke. Tumekataa kwa heshima, kwa sababu hatuna amani. Stima imepotea mara mbili tangu asubuhi, na kila mara imerudi baada ya dakika chache tu. Peres alituambia kabla hajaingia, "Nikianguka, nianguke kwa sababu sijui. Nisiangushwe na friji."

MAOMBI

Tunaomba, kwanza, soketi ya pili. Pili, tunaomba betri ya kushikilia kompyuta wakati stima

Mgeni rasmi, kipaza sauti kimezima. Stima imepotea. Wa nyuma, mnanisikia?

Haya nisemayo hayako kwenye karatasi. Mtihani humpa aliyekatikiwa na stima dakika kumi za kurudi, kisha hufunga, na ukifunga ni mpaka mwaka ujao. Maombi yale mengine tumeyaacha. Tunaomba moja tu: turuhusu tuchomoe friji yako sasa hivi, kabla stima haijarudi. Soda utainywa moto, utusamehe. Aibu hiyo tutaibeba sisi.

Bwana Mwenyekiti, tafadhali, usimrudishe kitini. Mwache Mama apite.

Asante, Mama. Ni mlango huo wa kushoto, chini kando ya friji. Utaona plagi mbili. Chomoa ile nyeusi. Nyeupe ni ya Peres.

Mungu aubariki mkono huo, na nyumba unakotoka.

Ni sisi, Tujaribu Tena, Jamhuri.