Mama Aliendelea Kuniombea Nirudi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mniwie radhi nishuhudie nimeketi. Miguu hii imesimama stendi nyingi mno.

Nilitoka Tunduma kwa basi, siku mbili njiani kwa sababu tuliharibikiwa Mikumi, nikashuka Mbezi, nikachukua bodaboda hadi kwetu Gongo la Mboto. Miaka kumi na minne nilikuwa sijakanyaga pale. Nilichimba madini Mererani, nikalima mpunga Kyela, nikapakia mizigo mpakani. Nikiwa Kyela nilitamani baridi ya Makete. Nikifika Makete nalilia joto la Kyela. Ndugu zangu, hiyo nayo ni kamba, tena inafunga! Hakuna mahali nilipopapenda kabla sijapaacha.

Nilimkuta mama amezeeka, anaishi na mdogo wangu Amosi. Walinipokea kwa machozi. Begi langu nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumamosi jumuiya ya maombi ya mtaani ilisali kwetu. Ulipofika wakati wa maombi, mama alisema kama alivyosema kila wiki kwa miaka yote ile, "Namwombea mwanangu Festo, arudi nyumbani."

Nilikuwa nimekaa mkekani, mita mbili kutoka kwake!

Mama Neema, jirani yetu, akacheka. "Mama Festo jamani, si huyu hapa anatumalizia mihogo?"

"Huyo kafika tu," mama akajibu. "Mie naomba arudi."

Wiki iliyofuata akaomba vilevile. Na iliyofuata. Ikapita miezi mitano. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba bibi akili zimeanza kuruka, na mimi niliona aibu. Amosi ndiye aliyeumia zaidi. Yeye alikuwa amekaa na mama miaka yote, akimsindikiza jumuiya kila Jumamosi. Akaacha kwenda. Aliniambia, "Braza, miaka kumi na minne tumepiga magoti, tumeletewa mgeni. Mie sioni tena ninamwomba nani." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuomba tangu Mererani.

Basi Alhamisi moja tukakubaliana, wana wawili tusioamini, tukampeleka mama zahanati apimwe akili.

Ndugu zangu, mnakumbuka jamaa zake Bwana Yesu walivyotoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili? Ndugu zake mwenyewe, waliokula naye sahani moja! Hao ndio tuliokuwa sisi.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza leo ni siku gani, asubuhi amekula nini. Mama alijibu yote. Akaulizwa ana watoto wangapi.

"Wawili. Amosi huyu nakaa naye. Festo yuko njiani."

Daktari akanitazama. "Na huyu je, mama?"

"Ndiye Festo. Muulize nguo zake ziko wapi."

Miezi mitano nilikuwa nikitoa shati begini asubuhi, likifuliwa nalikunja nalirudisha, nafunga zipu. Na kwenye mfuko wa pembeni mlikuwa na tiketi ya Tunduma, ya alfajiri ya Jumamosi ya wiki ileile. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Mama yenu hana ugonjwa," daktari akasema. "Mrudisheni nyumbani."

Tulipofika, nililishusha begi. Sitawadanganya, sikusikia sauti, sikuanguka, mwili haukutetemeka. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa miaka yote kwa pamoja. Nikatoa nguo zote, nikaziweka kitandani. Amosi akaiona tiketi. Akaenda kufunga kamba ya kutundikia nguo. Mama yeye alilichukua lile begi tupu, akamimina humo mkaa wake wote uliokuwa kwenye gunia.

"Haya," akasema, "sasa safiri nalo."

Tukacheka hadi Amosi akalia.

Wale ndugu wa Bwana, baadaye tunawakuta orofani, wanasali pamoja na mama yao. Hatuambiwi walilia lini, wala nani aliwashika mkono. Waliingia tu. Nawe mwenye mashaka, ingia hivyohivyo, na mashaka yako. Kama kwenu kuna mtu anayelitaja jina lako mbele za Mungu, usimwite kichaa. Mimi bado naamini kidogokidogo, lakini namshukuru Mungu aliyemsikiliza mama muda mrefu hivyo bila kuchoka.

Jumamosi ile basi la Tunduma liliondoka bila mimi. Asubuhi tulisali kwa Mama Neema, na Amosi alikuja, akakaa karibu na mlango. Zamu ya mama ilipofika, akanyamaza.

"Mama Festo, leo huna ombi?"

"Sina," akasema. "Leo niacheni nipumzike."

Hiyo ndiyo siku nilipoiacha barabara, ndugu zangu. Sijairudia.