Boulon Mbili za Daraja ya Ngambo

KATEMBO: Haloo? Haloo, unanisikia?

ÉMILIENNE: Haloo, ndiyo... nani huyu ananipigia? Hii numéro siijui.

KATEMBO: Ni miye, Papa Katembo. Wa dépôt, ile gala ya ciment, ku Soko. Simu ni ya bibi yangu Consolée, yangu imezimika.

ÉMILIENNE: Papa Katembo! Jambo sana! Habari ya siku nyingi?

KATEMBO: Habari... tuko. Mutoto je?

ÉMILIENNE: Kétsia iko muzima, iko ku masomo. Na Mama Consolée?

KATEMBO: Iko. Anafunga vitu.

ÉMILIENNE: Anafunga vitu? Munahama?

KATEMBO: Mama architecte, uko peke yako?

ÉMILIENNE: Niko Goma, ku bureau. Wengine wameenda kula. Sema, Papa.

KATEMBO: Niko na swali ya daraja.

ÉMILIENNE: Daraja yetu? Muto umejaa?

KATEMBO: Hapana, muto iko vile. Ni juu ya— [réseau ya simu inakatika] —Kalembe.

ÉMILIENNE: Sikusikia. Sema tena.

KATEMBO: Nasema Kalembe imeanguka! Jana. Wenye bunduki wameikamata. Askari wa serikali walipita hapa asubui, wanakimbilia Mpofi, hata maji hawakuomba. Mukubwa wao mumoja alituambia: kesho, ao hata leo kabla ya jua kuzama, wale watakuwa kwenu.

ÉMILIENNE: Yesu wangu.

KATEMBO: Na njia ya Kalembe unaijua. Inaingilia ku Ngambo, kwa wafugaji, inashuka ku muto, inavuka daraja, inatokea huku kwetu ku Soko. Hakuna ingine.

ÉMILIENNE: Naijua. Niliichora miye.

KATEMBO: Njo vile. Sasa watu wa Soko wamekubaliana daraja ifunguliwe. Zile boulon mbili kubwa zenye kushika kamba za chuma. Mbao zianguke, wale wasivuke. Vita ikiisha tunairudisha. Utuambie tu tuanze na gani.

ÉMILIENNE: Ngoja. Na watu wa Ngambo?

KATEMBO: Wa Ngambo...

ÉMILIENNE: Wamekwisha kuvuka?

KATEMBO: Wale wako na njia ya mulima.

ÉMILIENNE: Papa Katembo, ile njia ya mulima inafika wapi? Inafika Kalembe. Unawatuma kwa wale wale wanaowakimbia.

KATEMBO: Si miye ninawatuma! Ni vijana. Wako hapa, wako na misumeno, wako na bidon ya essence. Léopold njo anawaongoza. Walitaka kuichoma tangu saa sita. Niliwaomba wanipe kidogo nikupigie, nikawaambia bila architecte kamba inaweza kukata muntu.

ÉMILIENNE: Léopold wa ku moulin, mwenye kusaga unga?

KATEMBO: Yeye. Anasema watu wa Ngambo na wenye bunduki ni kitu moja. Anasema Shyaka, ule mufugaji wa Ngambo, alionekana karibu ya Kalembe pamoja nao juma yenye kupita.

ÉMILIENNE: Shyaka anapeleka fromage ya maziwa ya ngombe zake Kalembe kila juma! Hata wewe umekula ile fromage.

KATEMBO: Najua. Muambie yeye, si miye.

ÉMILIENNE: Na Verdiane? Verdiane iko wapi?

KATEMBO: Iko hapa.

ÉMILIENNE: Hapa wapi?

KATEMBO: Ku daraja. Katikati. Amekaa chini ku mbao na wanawake wengine na watoto. Toka asubui. Vijana walisimama upande ya huku na mapanga, wakasema hakuna mwenye kupita, naye akasema basi miye nakaa hapa. Bidon yake ya maziwa iko mbele yake. Anawapa watoto wakunywe.

ÉMILIENNE: Wako wangapi?

KATEMBO: Wanajaza daraja. Na ku ukingo kule nyuma yao wako wengi zaidi. Wazee, wanaume na ngombe...

ÉMILIENNE: Verdiane ni makamu wako mu comité ya daraja. Miaka mbili mulikaa ku meza moja.

KATEMBO: Unafikiri nimesahau?

ÉMILIENNE: Sijui. Niambie.

KATEMBO: [réseau inakoroma] ...wananiita muntu wa Ngambo, unajua? Juu ya ile dépôt. Wewe ulisema barabara ipanuke, miye nikabomoa ukuta yangu, nikarudisha dépôt nyuma metre ine. Leo Léopold ananionyesha ile fasi na kidole. Anasema uliwafungulia mulango.

ÉMILIENNE: Ulifanya vizuri.

KATEMBO: Anasema kosa hata si daraja peke yake. Ni ile barabara. Zamani, mu vita ya kwanza, Soko ilikuwa vichochoro. Muntu anaingia, anapotea. Watu walipona mule. Wewe ulinyoosha, toka Ngambo mpaka huku. Sasa ukisimama ku mulima ya Ngambo unaona mpaka mulango ya kanisa ya paroisse. Anasema ulichorea risasi njia.

ÉMILIENNE: Papa Katembo, tulichora wote. Na chokaa, chini, kila muntu akitembea na kusema anapita wapi. Watu walitaka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ipite na mugonjwa bila kugonga ukuta. Miaka kumi na tano muto ilikuwa mupaka. Mama anazaa vibaya ku Ngambo, centre de santé ya Soko, ile zahanati, anaiona na macho, hawezi kuifikia.

KATEMBO: Sikulaumu. Nakuambia maneno yao.

ÉMILIENNE: Upana ya ile daraja nilipima na bibi yako na Verdiane. Wamebeba mizigo yao ku mugongo, wanapishana, wanarudi, wanapishana. Nilitaka wapite bila mumoja kurudi nyuma.

KATEMBO: Walicheka sana siku ile. Sasa tuanze na gani? Ya kushoto?

ÉMILIENNE: Papa Katembo.

KATEMBO: Naam.

ÉMILIENNE: Siku ya kumwaga béton, ile zege ya kile chumba cha boulon, nilikuwa huku na malaria. Nani alisimama pale toka asubui mpaka jioni? Nani aliingiza mukono mule ndani kuzipaka graisse zisishike kutu?

KATEMBO: Ni miye.

ÉMILIENNE: Basi unajua inaanza gani.

KATEMBO: Najua.

ÉMILIENNE: Na clé ya kuzifungulia?

KATEMBO: Iko mu mukono yangu.

ÉMILIENNE: Sasa unanipigia juu ya nini?

KATEMBO: [sauti za watu mbali]

ÉMILIENNE: Papa?

KATEMBO: Nilitaka useme wewe. Wewe njo uliitengeneza. Ukisema fungua, miye ni mukono tu. Kesho Consolée akiniuliza, namuambia architecte alisema.

ÉMILIENNE: Sisemi.

KATEMBO: Wataichoma na wale juu yake! Mama, huwaoni hawa vijana, miye nawaona! Léopold amefungua bidon. Niko na watoto sita, niko na mama yangu mu nyumba hawezi kutembea. Wale wa Kalembe wakivuka— unajua walifanya nini kule? Unajua?

ÉMILIENNE: Najua.

KATEMBO: Hujui. Uko Goma.

ÉMILIENNE: Kweli. Niko Goma. Sikia basi. Wanakuogopa kidogo, Léopold na wenzake?

KATEMBO: Hawaniogopi hata kidogo. Wanaogopa ile kamba. Niliwaambia inaweza kukata muntu mara mbili.

ÉMILIENNE: Vizuri. Waendee. Uwaambie umeongea na architecte, iko ku simu, musikie sauti yake kama munataka. Amesema hivi: boulon haziguswi kama kuna uzito juu ya mbao. Zitaruka na kuvunja kichwa ya mwenye kufungua. Na wakiweka moto, kamba itawapigia hapo hapo wamesimama. Lazima wale wote watoke kwanza. Na watoke upande ya Soko.

KATEMBO: Juu ya nini ku Soko? Wataniuliza.

ÉMILIENNE: Useme wakirudi Ngambo wote mara moja kamba itavuta ile nguzo ya huku. Itaanguka ku moulin.

KATEMBO: Ni kweli?

ÉMILIENNE: Ya uzito ni kweli.

KATEMBO: Na ya moulin?

ÉMILIENNE: Enda, Papa.

KATEMBO: Usikate. Naweka simu mu mufuko.

[Kelele. Sauti za wanaume, wanabishana. Muntu anapiga chuma. Mutoto analia.]

ÉMILIENNE: Papa Katembo? ... Papa?

[Kelele. Miguu mingi ku mbao.]

KATEMBO: Haloo! Haloo, uko?

ÉMILIENNE: Niko!

KATEMBO: Wanapita. Wanapita, Mama. Léopold ametukana wewe na kizazi yako yote lakini amesimama kando. Watoto wa kwanza wamefika. Wanawapekua, wanawamwagia mizigo chini, lakini wanapita.

ÉMILIENNE: Arobaini kwa mara moja, wasizidi. Wasikimbie, daraja itayumba.

KATEMBO: Nasema nao. Polepole, mama! Polepole! Shika kamba! ...Consolée ametoka. Anashika watoto wa watu, anawaingiza ku dépôt.

ÉMILIENNE: Mungu amubariki. Verdiane je?

KATEMBO: Amesimama pale katikati, anawapitisha mumoja mumoja. Anaita majina.

ÉMILIENNE: Na wale wa ukingo?

KATEMBO: Wameona wengine wanapita, nao wanaingia ku daraja. Léopold anauliza mbona uzito hauishi. Ananiangalia vibaya.

ÉMILIENNE: Muambie bado.

KATEMBO: Bado, Léopold! Bado kidogo! ...Mama, nimemuambia Verdiane apite sasa. Amefika huku. Amefika, niko naona kitenge yake.

ÉMILIENNE: Asante. Asante, Papa.

KATEMBO: Ngoja... hapana. Verdiane! Unaenda wapi? Verdiane!

ÉMILIENNE: Ni nini?

KATEMBO: Anarudi. Anasema mama-mukwe wake amebaki ku nyumba, haoni vizuri, walimusahau. Anakimbia anarudi Ngambo.

ÉMILIENNE: Mushike!

KATEMBO: Amekwisha kuvuka. Nyumba si mbali, iko ile ya kwanza ku—

[Mulio. Mingine miwili.]

ÉMILIENNE: Ni nini ile?

KATEMBO: Ni bunduki.

ÉMILIENNE: Karibu?

KATEMBO: Ku mulima ya Ngambo. Ni wao. Hawakungoja jioni. Mama, watu wanarukia daraja, wanasukumana... Shukeni! Lala chini! [réseau inakatika] ...ameanguka mu maji, mwingine...

ÉMILIENNE: Papa Katembo! Wapishe! Wacha wavuke!

KATEMBO: Naona wenye bunduki. Wanashuka ile barabara yenye kunyooka. Naona mpaka makofia yao. Léopold amekimbia, wote wamekimbia, nimebaki na clé.

ÉMILIENNE: Nani iko ku daraja?

KATEMBO: Watatu. Ine. Wanafika. Wamefika... Hakuna muntu tena juu yake.

ÉMILIENNE: Na ukingo kule?

KATEMBO: Wanaume wametawanyika mu mashamba. Ngombe wamesimama.

ÉMILIENNE: Verdiane?

KATEMBO: Simuoni.

ÉMILIENNE: Ngoja basi! Ngoja dakika moja, nyumba iko karibu, umesema mwenyewe—

KATEMBO: Sina dakika.

ÉMILIENNE: Papa Katembo, sijasema! Unanisikia? Sijasema ufungue!

KATEMBO: Najua.

[Chuma juu ya chuma. Pumzi.]

ÉMILIENNE: Papa, nakuomba. Nakuomba kwa jina ya mutoto wangu.

KATEMBO: Ya kushoto imetoka.

ÉMILIENNE: Papa...

[Kishindo kikubwa. Maji. Kimya.]

ÉMILIENNE: Haloo? Haloo! Uko muzima?

KATEMBO: Niko. Niko nyuma ya nguzo. Imeenda. Inaninginia ku kamba moja, mbao ziko mu maji. [anakohoa] Hukusema. Nikiulizwa nitasema hukusema. Ni miye.

ÉMILIENNE: Unaona ngambo?

KATEMBO: Naona.

ÉMILIENNE: Unaona nini?

KATEMBO: Verdiane amefika. Amemubeba muzee ku mugongo. Amesimama pale fasi mbao zilianzia.

ÉMILIENNE: Mungu wangu.

KATEMBO: Ananiangalia. Hapigi kelele. Amemuweka muzee chini, anatafuta kitu mu kitenge... Ametoa simu.

ÉMILIENNE: Papa, ngoja, kuna muntu anapiga huku kwangu. Ni...

KATEMBO: Ni yeye.

ÉMILIENNE: Ni yeye. Jina yake iko hapa inawaka. Nitamuambia nini?

KATEMBO: Muambie ashuke na muto, upande ya mianzi, maji iko chini pale, anaweza— hapana, na muzee hataweza. Muambie watoto wake wako kwangu. Wote watatu. Muambie Consolée anawashika. Pokea, Mama, pokea mbio kabla—

ÉMILIENNE: Nakuacha, Papa. Ondoka pale, unasikia? Enda!

KATEMBO: Na usimuambie kama ni miye—

ÉMILIENNE: Anakuona, Papa. ...Haloo? Verdiane?